Mlingoti wa Ardith

Kukusanya ada katika mtaa wa Bwawa la Tolliver kuna wakati wake. Huendi Jumapili asubuhi, watu wako kanisani. Huendi wakati timu ya chuo inacheza mpira wa kikapu, maana utafunguliwa na mtu ambaye macho yake yamebaki sebuleni, na hundi atakayokuandikia itakuwa na tarehe ya mwaka jana. Verlin Stoops aliyajua hayo yote. Alikuwa mweka hazina wa chama cha wenye nyumba kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, na kila Januari, barafu ikiwa imefunika bwawa, alivaa buti zake za machimboni akapita mlango hadi mlango.

Angeweza kutuma barua. Mitaa mingine hutuma barua. Lakini marehemu mkewe, Ardith, alisema tangu mwanzo kwamba jirani hadaiwi kwa stempu. Basi wakawa wanakwenda wawili, Verlin na kitabu cha stakabadhi, Ardith na pai ya malai mkononi, na waliporudi nyumbani pai ilikuwa imekwisha kipande kwa kipande, na ada ya mtaa mzima imo ndani ya kopo la biskuti. Ada hiyo ndiyo iliyosukuma theluji barabarani na kufyeka majani kwenye tuta la bwawa. Hakuna aliyewahi kukimbia deni, kwani utamkimbiaje mtu ambaye umekula pai yake?

Hii ilikuwa Januari ya pili anapita peke yake. Kuoka hakujua. Alibeba donati za dukani, na watu walizila kwa adabu.

Safari hii alibeba na karatasi nyingine, na karatasi hiyo ilimshughulisha kuliko ada.

Maagano ya mtaa, yaani masharti ya kila mwenye kiwanja, yaliandikwa na yule aliyeuza viwanja, zaidi ya miaka arobaini nyuma. Alikuwa mtu asiyependa kuona kitu kimesimama juu kuliko paa, akaandika kwamba hakuna mlingoti utakaozidi futi nane, ila wa bendera. Ardith aliyasoma hayo, akatia sahihi, kisha mwaka uleule akasimamisha mlingoti wa futi kumi na sita nyuma ya nyumba na kuutundikia vibuyu vyeupe, kila kibuyu kimetobolewa tundu la kuingilia ndege. Vilikuwa vya mbayuwayu, wale weusi wanaong'aa kama wino uliomwagika. Ndege hawa walikwisha kusahau kujitafutia nyumba porini. Tangu enzi za wenyeji wa kwanza wa nchi ile wamezoea kutundikiwa na binadamu, na asipowatundikia hawana pa kutagia. Baridi ikiingia hushuka hadi Brazili, na kila Machi hurudi palepale, kwa mtu yuleyule. Ardith alikuwa akiwangoja kama mtu anayengoja wanawe kutoka shuleni. Siku ya kwanza wakionekana hakupika. Walikula mkate na siagi ya karanga, wamekaa nje na makoti, wanatazama juu.

Miaka yote hiyo hakuna aliyeutaja ule mlingoti. Kisha akaja Curtis Begley, akanunua nyumba ya pembeni, akasimamisha antena ya redio juu kama mnara. Chama kikamwambia aishushe.

"Sawa," Curtis alisema kikaoni. "Na ule wa Stoops?"

Watu walitazama viatu vyao. Ardith alikuwa amekwisha kufariki, hakuwepo wa kumjibu. Verlin hakungoja aambiwe mara mbili. Novemba iliyopita aliushusha mlingoti kwa mikono yake, akaulaza chini ya baraza, kwa sababu mweka hazina anayevunja maagano atakuwa na uso gani wa kudai ada?

Alifikiri jambo limekwisha. Lakini siku moja alisimama dirishani jikoni na kikombe cha kahawa, akatazama mahali pale patupu, na jambo ambalo alikuwa akilijua siku zote likamfikia upya. Kundi likifika likakuta hapana kitu, huzunguka siku mbili tatu likitafuta. Kisha huenda zake, na mwaka unaofuata halirudi. Hawa walikuwa ndege wa Ardith, watoto wa watoto wa wale aliowapokea mwanzo, na yeye ndiye aliyewafungia mlango.

Hiyo ndiyo karatasi aliyobeba pamoja na donati. Ilikuwa ya kurekebisha kifungu cha milingoti. Zilitakiwa sahihi za theluthi mbili ya viwanja, kumi na vinne kati ya ishirini na kimoja, na asiyetia sahihi alihesabiwa kuwa amekataa, hata kama yuko Florida anaota jua. Zikipatikana, marekebisho yataandikishwa kaunti na mlingoti utasimama. Ila yote hayo yawe tayari kabla ya katikati ya Machi, wanapokuja ndege watangulizi.

Curtis alimfungulia akiwa na soksi mguu mmoja.

"Umefuata pesa zangu au antena yangu?"

"Antena ulikwisha kuishusha."

"Iko gerejini. Kila nikiegesha gari inanitazama." Alichukua donati, akaisoma karatasi huku anatafuna. "Ndege tu?"

"Ndege tu."

"Kwa hiyo ndege anayetoka Brazili anaruhusiwa, na mimi ninayezungumza na watu wa Brazili kwa redio siruhusiwi."

"Sikuiandika mimi. Kaiandika Marcy."

"Basi mwambie Marcy aongeze neno moja. Mlingoti mmoja kila kiwanja, usizidi futi ishirini, wa ndege au wa redio. Atie hilo, mimi natia sahihi, na nitakuja kukusimamishia wako kwa mikono hii."

"Ulikuwa na futi arobaini, Curtis."

"Nimezeeka. Natosheka na ishirini."

Verlin alirudi kwa mwenyekiti, Marcy Kettering, aliyekuwa akipanga safari za mabasi ya shule kabla hajastaafu, na chama alikiendesha vilevile. Alisoma pendekezo la Curtis, akaguna, akalichapa upya.

"Waliokwisha kutia sahihi?" Verlin aliuliza.

"Hiyo ilikuwa karatasi nyingine. Unaanza upya."

"Nyumba zote?"

"Nunua donati nyingine. Zile zenye ganda la sukari, hizi zina ladha ya sanduku."

Akaanza upya. Majirani walimfungulia, wakacheka kumwona tena, wakaandika. Kwenye nyumba zenye mume na mke walitia sahihi wote wawili, mmoja akimwita mwenzake kutoka jikoni. Msichana muuguzi wa nyumba ya mwisho alitia sahihi akiwa amevaa sare ya kazi, akatoa nusu ya ada na kuahidi nusu nyingine Aprili, kama alivyozoea tangu Ardith alipomwambia inawezekana. Verlin alimwandikia stakabadhi ya nusu.

Aliyemweka mlangoni kwenye baridi ni Glenn Ottinger, jirani yake wa karibu, kiwanja kwa kiwanja. Glenn alikuwa mtu wa kulipa ada siku ya kwanza ya mwaka, bahasha tayari, imeandikwa kwa herufi kubwa.

"Ada hii hapa," alisema. "Sahihi hiyo, hapana."

"Kwa nini?"

"Nilinunua hapa kwa sababu ya maagano, Verlin. Leo vibuyu, kesho kuku, keshokutwa mtu kaegesha trela majanini na ananiambia ni la ndege."

"Vibuyu umeviona miaka yote hiyo."

"Nimeviona. Sikusema kitu kwa ajili ya Ardith. Ardith hakuwa mtu wa kuambiwa kitu." Glenn alitazama bwawa, kisha akarudisha macho. "Usinichukie."

"Sikuchukii. Ila nakudai dola mbili, ada imepanda."

"Tangu lini?"

"Tangu kikao ulichokikosa."

Glenn alikwenda ndani, akarudi na sarafu za robo robo, akazihesabu moja moja juu ya kiganja cha Verlin kama mtu anayemlipa mwamuzi wa mchezo alioshindwa.

Mwisho wa Februari walikutana jikoni kwa Marcy kuhesabu. Walikuwa watatu, maana Curtis alikuja bila kualikwa, akisema sahihi yake ni mtaji na anataka kujua faida. Marcy alikuwa na majina ya wenye viwanja kutoka kaunti, na kila sahihi aliilinganisha na jina, taratibu, kalamu mkononi. Verlin alikunywa kahawa. Alikwisha kuhesabu mwenyewe njiani. Kumi na nne, ya kumi na nne ikiwa yake.

Marcy alifika mwisho, akavua miwani.

"Kumi na tatu," alisema.

"Hesabu tena."

"Nimehesabu. Kiwanja chako kina sahihi moja."

"Mimi ni mmoja, Marcy."

"Hati haisemi hivyo." Alisema polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu. "Kila mwenye jina kwenye hati lazima atie sahihi. Kule kaunti nyumba yako bado ni ya Verlin na Ardith Stoops, mume na mke."

 Friji ikanguruma, ikanyamaza.

Si kwamba Verlin hakujua. Aliambiwa na mwanasheria, akaambiwa na mtu wa benki. Binti yake wa Fort Wayne alimwambia kwenye simu mara nyingi, mpaka akaacha. Peleka cheti cha kifo, baba, ni jambo la dakika kumi. Verlin alijibu ndiyo, nitapeleka, theluji ikipungua, joto likipungua, mahindi yakivunwa. Bili ya kodi ya majengo ilikuja kwa majina mawili, na kabla ya kuilipa aliiegemeza kwenye bakuli la sukari akakaa nayo siku kadhaa. Hata stakabadhi ya ada yake mwenyewe aliiandika hivyo kila Januari, imepokelewa kutoka kwa Verlin na Ardith Stoops, akaichana kitabuni na kuiweka mfukoni. Hakuna aliyedhurika. Mahali pote pengine duniani alikuwa amekwisha kuwa mmoja, kanisani, kitandani, kwenye meza ya mgahawa. Kaunti peke yake ndiyo iliyokuwa haijapata habari.

"Hakuna mwingine wa kutia?" aliuliza.

"Nimewapigia simu walioko Florida mpaka wamenikatia. Glenn unamjua. Wengine wawili wameniambia hapana, na hapana yao ni ya moyoni." Marcy alivaa miwani tena. "Peleka cheti. Ukibaki peke yako kwenye hati, sahihi yako inatosha."

Curtis, ambaye hakumjua Ardith, alikuna kidevu. "Si umwandikie tu? Andika jina lake chini ya lako. Nani atauliza?"

"Curtis," Marcy alisema.

"Nasema tu."

"Kula donati."

Verlin alisimama, akachukua kofia. Marcy alimsindikiza hadi barazani. Alikuwa amesoma darasa moja na Ardith, walikuwa marafiki kabla Verlin hajamjua yeyote kati yao.

"Angekucheka," Marcy alisema. "Unajua."

"Najua."

"Halafu angekuuliza unangoja nini."

"Hapo sina hakika," Verlin alisema. "Alikuwa na subira kuliko unavyofikiri. Wewe hukumwoa." Akashuka ngazi akishika ukingo, kwa sababu ya barafu.

Asubuhi iliyofuata alikaa mezani na gazeti, na pembeni mwa gazeti, pasipo na maandishi, akajaribu. Si kwa kukusudia kudanganya. Alitaka kuona tu. Sahihi ya Ardith aliijua. Ile A yake ilikuwa kama hema, na kile kijiti cha katikati kilitoka nje upande wa kulia kikaenda kuigusa herufi inayofuata begani. Ameiona kwenye hundi, kwenye kadi za sikukuu, kwenye karatasi alizobandika juu ya friji, usisahau maziwa. Ungempa sahihi elfu angeichagua akiwa amefumba jicho moja. Akaandika. Ikatoka A ya mtu wa machimboni, imekaa kama jiwe. Akaandika tena, na tena, mpaka pembe ya gazeti ikajaa. Jicho lilimjua Ardith lakini mkono haukumjua. Ndipo alipoweka kalamu chini na kugundua kwamba tangu siku ya maziko hajawahi kumkosa vile, mkewe hakuwepo hata kwenye vidole vyake.

Akakaa siku kadhaa bila kufanya lolote. Mshika mbili moja humponyoka, na yeye alishika zote mbili. Akiliacha jina, ndege watakuja wakute anga tupu. Akiwapa ndege nyumba, Ardith atatoka kwenye hati, na palipokuwa na watu wawili pabaki mmoja kwa maandishi ya serikali. Alijaribu kujiambia jina ni wino tu. Lakini hata ndege ni manyoya tu, ukitaka kusema hivyo, na hakuna kitu duniani ambacho huwezi kukisema hivyo.

Simu ya Curtis ndiyo iliyomwinua kitini.

"Una habari? Kuna jamaa wa Tennessee ninaongea naye, karibu na Chattanooga. Anasema wamefika kwake jana. Dume mmoja, wawili. Anasema upepo wa kusini ukishika hivi hawakai."

"Unaongea naye vipi bila antena?"

"Kuna waya darini. Usimwambie Marcy." Curtis akapunguza sauti. "Sikiliza, mzee. Lile nililosema siku ile, la kuandika jina. Nilisema kijinga."

"Nilijaribu," Verlin alisema. "Sijui kuandika kama yeye."

Akaweka simu chini, akaenda kuitafuta bahasha ya cheti.

Jumba la kaunti lilikuwa la mawe ya chokaa, na ngazi zake zilikatwa kwenye machimbo alikofanya kazi Verlin. Alizipanda bila kuzitazama. Ofisi ya kuandikisha ardhi ilikuwa ghorofa ya chini, na mezani alikaa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo na bakuli la peremende.

"Nikusaidie nini, mzee?"

"Kuna jina linatakiwa kuondolewa kwenye hati."

"Umekuja na cheti?"

Verlin aliweka bahasha mezani. Ilikuwa imefungwa vile vile alivyopewa na watu wa mazishi. Yule mama aliona, akaifungua kwa mkasi, kwa upole, kama anayefungua bandeji. Verlin alisoma ramani ya kaunti ukutani, kutoka mto hadi mto.

"Pole sana," yule mama alisema. "Naona ni Oktoba ya mwaka juzi."

"Nimechelewa."

"Hujachelewa. Kuna mama alikuja hapa baada ya miaka kumi na tisa, amekuja na mume mwingine."

"Huyo mume mwingine alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa amemshikia mkoba."

Verlin alitabasamu, na yule mama akaanza kuchapa. Alimuuliza jina kamili, akalitaja. Alimuuliza namba ya kiwanja, akaitaja.

"Hali ya ndoa?"

"Nimeoa."

Vidole vilisimama juu ya mashine. Yule mama hakumkazia macho; alisogeza bakuli la peremende upande wake, kidogo tu. "Hapa siwezi kuandika hivyo, mzee."

"Mnaandikaje?"

"Tunaandika mgane."

Verlin alilisikia neno hilo. Alikuwa amelisikia kwa watu wengine, wazee wa kanisani wanaokula chakula cha Jumatano peke yao, shati halijapigwa pasi kola. Hakuna aliyewahi kumwita yeye hivyo. Watu humwambia pole, humwambia uko mikononi mwa Mungu, lakini jina lenyewe hawakumpa.

"Andika," alisema.

Akaandika. Mashine ikatoa karatasi, ikatoa na nyingine. Verlin akatia sahihi alipoonyeshwa. Kisha akauliza jambo alilokuwa nalo tangu alipoingia.

"Lile la zamani mnalifuta?"

"Hapa hatufuti kitu. Lile la zamani linabaki kitabuni lilipo, miaka na miaka, hata sisi tukiondoka. Hili linakaa mbele yake tu." Akaelekeza kidole nyuma, kwenye rafu zilizokwenda hadi gizani. "Nikakutolee ulione?"

Verlin alifikiri. Alizitazama zile rafu.

"Hapana," alisema. "Niambie tu kwamba lipo."

"Lipo."

Alasiri ile alipita kwa Marcy moja kwa moja, hakuvua koti. Alitia sahihi yake upya, sasa ya kumi na nne, akiwa amesimama. Marcy aliitazama ile sahihi peke yake kwenye mstari wake, akapiga muhuri wa chama, na kabla ofisi haijafungwa alikuwa njiani kwenda kuandikisha, anaendesha gari kama anayelifukuza basi la shule.

Curtis alitimiza ahadi. Alikuja Jumamosi na ngazi, kamba na maneno mengi. Waliutoa mlingoti chini ya baraza, wakalipaka mafuta kapi la kupandishia vibuyu, wakausimamisha shimoni, Curtis akisukuma na Verlin akipima kwa jicho kama alivyokuwa akipima mawe. Walipofika kwenye vibuyu Verlin alisita.

"Nini tena?" Curtis aliuliza.

"Sikumbuki alikuwa akielekeza matundu wapi. Bwawani au nyumbani."

"Ulikaa nyumba hii miaka yote hiyo."

"Nilikuwa nawatazama ndege. Matundu alikuwa akiyatazama yeye."

"Ndege watajua."

"Ndege ndio watakaojua kwamba nimekosea."

Hatimaye akavitundika nusu vikitazama bwawa, nusu vikitazama dirisha la jikoni, na Curtis akavuta kamba, vikapanda vyote pamoja, vyeupe, vikigongana kwa sauti ndogo.

Kisha ikabaki kungoja. Shomoro walifika kwanza, kama wavamizi wa nyumba isiyo na mwenyewe. Verlin alishusha vibuyu, akatoa nyasi zao, akapandisha. Kesho yake akashusha tena. Ardith alikuwa akifanya hivyo kila siku ya Mungu, akizungumza na shomoro kwa lugha ambayo hakuitumia kanisani, na Verlin alidhani anafanya kwa sababu anapenda. Sasa mikono yake ilipouma kwa baridi ya kamba, alifahamu kwamba huenda Ardith naye ilimuuma, na hakumuuliza hata mara moja.

Katikati ya Machi ilipita. Aliweka ndoo kifudifudi nyuma ya nyumba, akakaa alfajiri mpaka kahawa ilipopoa. Curtis alileta habari. Wameonekana Kentucky. Wameonekana ng'ambo ya mto. Siku moja mbayuwayu mmoja alikuja kweli. Alikaa kwenye waya wa umeme upande wa pili wa bwawa, mweusi, kifua mbele, akatazama vibuyu asubuhi nzima. Verlin hakuthubutu kusimama, hata mguu ulipomfia ganzi. Saa sita ndege aliruka, akazunguka juu ya bwawa mara moja, akaelekea kaskazini. Hakurudi siku ile wala ya pili yake.

Siku ya tatu Verlin hakuamka mapema. Hakuwa mgonjwa. Alilala upande wake wa kitanda, akasikia mvua, akasikia mvua inakatika, akaendelea kulala. Alipotoka nje jua lilikuwa limepanda na majani yanatoa mvuke. Alikwenda kushusha vibuyu awatoe shomoro, na alipokuwa ameshika kamba alimwona Glenn Ottinger amesimama kwenye mpaka wa viwanja, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, mikono mfukoni.

"Usishushe," Glenn alisema.

Verlin alidhani ni la maagano. "Imeandikishwa kaunti, Glenn. Kamwulize Marcy."

"Najua imeandikishwa. Nasema usishushe, kuna mtu ndani."

Verlin aliiachia kamba taratibu. "Shomoro."

"Shomoro nawajua. Huyu si shomoro." Glenn alitazama pembeni, kama mtu aliyekamatwa dirishani. "Nilikuwa nakunywa kahawa, kabla ya mvua. Amekuja kutoka kule kwenye tuta, na makelele yake yale, kama maji yanayochemka. Akazunguka nyumba yako. Halafu akaingia cha tatu, kile kinachotazama jikoni, moja kwa moja, kama mtu anayeingia kwake. Hakubisha hodi."

"Peke yake?"

"Kwanza peke yake. Halafu mwingine, wa kijivu kifuani. Huyo alikaa juu kidogo akimtukana."

Verlin alitazama kibuyu cha tatu. Hakikuwa na kitu cha kuona, tundu jeusi tu, na tone la mvua likining'inia chini. Alikuwa usingizini walipokuja. Aliyewaona ni Glenn.

"Mimi bado nasema ni kinyume cha mpango wa mtaa," Glenn alisema.

"Najua."

"Mwakani nitapiga kura kukiondoa hicho kifungu."

"Utapiga." Verlin aliichukua ndoo yake, akaisogeza kwenye mpaka, karibu na miguu ya Glenn, kisha akaenda kuleta nyingine barazani, akaigeuza kifudifudi. Akakaa.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Alikuja kutoka wapi?"

Glenn alisimama kidogo akitazama nyumbani kwake, mahali kahawa yake ilipokuwa ikipoa. Halafu akakaa, upande wake wa mpaka, akaanza mwanzo.